Sekunde Iliyobaki Kwenye Maikrowevu

Jumapili, tarehe 3

Mvua imeanza leo saa tisa alasiri. Naandika saa kwa sababu mume wangu kila mwaka aliandika saa ya mvua ya kwanza, kwa penseli, nyuma ya mlango wa dereva. Nimekwenda nikaandika yangu chini ya zake. Mwandiko wangu ni mbaya kuliko wake.

Daftari hili ni la maktaba. Kila ukurasa una safu tatu: Jina, Kitabu, Tarehe ya Kurudisha. Naandika juu ya zote bila kuzijali. Miaka ishirini na sita alikuwa dereva wa gari la maktaba, lile linalozungukia shule na vitabu. Lilipozeeka wakaliuza, akalinunua yeye, akaligeuza nyumba. Alilipa jina Kobe, kwa kuwa linakwenda polepole na nyumba liko nayo mgongoni. Palipokuwa na rafu akaweka kitanda, friji na sinki. Palipokuwa na vitabu vya watoto akaweka maikrowevu.

Tuliiacha nyumba ya kupanga tukahamia humu, tukingoja nistaafu kazi ya kupiga pasi kwa dobi ndipo tuanze kusafiri. Nilistaafu. Siku kumi na moja baadaye moyo wake ulisimama. Kobe ameegeshwa uani kwa mdogo wake, shemeji yangu, fundi makochi. Umeme tunauvuta kutoka karakana yake.

Kila asubuhi mume wangu alinipashia maziwa. Maikrowevu ile ikimaliza hupiga kengele kali mara tatu. Ili nisishtuke usingizini, alisimama mbele yake akihesabu nayo, na ikibaki sekunde moja akaufungua mlango. Asubuhi ya mwisho alifanya hivyo hivyo, akaniletea kikombe, akaenda kuangalia matairi, akaanguka. Kioo cha maikrowevu kinaonyesha 0:01 hadi sasa. Sijaigusa. Umeme wa mji ukikatika, betri ya Kobe inapokea zamu. Miezi mitatu na siku nne, ile sekunde haijazimika.

Jumanne, 5

Shemeji amekuja na kiti chake, akakaa nje chini ya turubai.

“Shemeji, hiyo maikrowevu ni nzito.”

“Kilo kumi na tatu.”

“Kumi na tatu ukiwa umesimama. Kwenye mteremko zinakuwa thelathini. Kobe ana matairi ya uzeeni.”

“Basi kwenye mteremko nitashuka mimi, nitembee kwa miguu.”

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Yalikuwa yanatazama ndani, juu ya kabati, ilipo maikrowevu.

Safari yenyewe inanitisha kuliko matairi. Mjukuu wangu, Kidoti, anakuja kukaa nami likizo. Shule zikikaribia kufunguliwa nitamrudisha kwa binti yangu, mwendo wa siku mbili, nami nibaki huko. Leseni nilipata nikiwa na miaka hamsini na mitano. Sijawahi kuendesha Kobe bila mume wangu pembeni, akikanyaga sakafu mahali pasipo na breki.

Jumatano, 6

Mvua.

Jumamosi, 9

Leo shemeji hakusema uzito. Amesema maikrowevu inakula betri. Nimemwambia haijawashwa tangu msiba, inakula nini? Akasema hata ikilala inakula. Nikamwambia kama ni kula ikiwa imelala, basi inamshinda hata yeye.

Kisha ameleta mtungi mwekundu wa kuzimia moto, akauweka kwenye ngazi yangu, bila kueleza. Nimeona kama mtu ameniletea jeneza akaniambia nijipime. Na meza yake ya kazi ameihamisha. Zamani ilitazama barabara wanakopita wateja, sasa inatazama mlango wangu. Nikifungua pazia, yuko pale na pini mdomoni.

Binti amepiga simu. “Mama, Ba'mdogo anasema uiache hiyo mashine.”

“Amekupigia na wewe?”

“Mara tatu. Lakini Mama, niambie, ina kazi gani? Unakula wali wa baridi mbele ya maikrowevu. Watu wakisikia watacheka.”

Nikasema mtandao unasumbua.

Jumatatu, 11

Nimesikia mlio nyuma ya maikrowevu. Tsss, kisha kimya. Kisha tsss. Nimepiga pasi miaka thelathini na huo mlio naujua, ni tone la maji kwenye chuma cha moto. Lakini pale hapana chuma cha moto.

Nimegusa ukuta wa mbao pembeni yake. Ulikuwa na uvuguvugu, kama paja la mtoto mwenye homa ndogo.

Alhamisi, 14

Birika la umeme likichemka, taa inafifia. Zamani haikufifia. Leo imefifia, na harufu ikaja.

Harufu zote za kuungua nazijua, ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Pamba inanuka karatasi. Sufi inanuka nywele. Nailoni inanuka kabla hujaiona, na ukiiona umechelewa. Hii si pamba, si sufi, si nailoni. Inaanza tamu, halafu inakwaruza koo. Nimefungua madirisha, mvua ikaingia, nikayafunga.

Nikimwambia shemeji atasema ng'oa. Kuing'oa ni kuchomoa plagi, na plagi ikichomolewa ile sekunde imekwenda. Nimeamua nisichemshe maji friji ikiwa inaunguruma. Nimekaa kwenye kiti cha dereva, mkono karibu na swichi kuu, nikisikiliza hadi mvua ikapungua.

Ijumaa, 15

Hakuna harufu. Nimejicheka.

Jumamosi, 16

Harufu. Sijacheka.

Jumapili, 17

Kidoti amefika na mama yake, wamelowa kama vifaranga. Ana miaka sita na pengo mbele. Binti atalala usiku huu karakanani kwenye kochi la mteja, anarudi kesho kazini.

Kitanda cha mtoto ni kile kidogo chini ya kabati, na juu ya kabati ndipo ilipo maikrowevu. Mume wangu alikipima kwa urefu wa Kidoti akaongeza shubiri mbili za kukua. Nilimwambia mtoto alale nami mbele. Binti akauliza kwa nini. Nikasema kwa ajili ya baridi. Ni mara ya kwanza nimemdanganya mwanangu mbele ya mtoto wake.

“Bibi, mbona inasema moja?” Kidoti ameuliza kabla hata ya kuvua viatu.

“Inangoja.”

“Inangoja nini?”

Mama yake akamwambia avue viatu.

Jumatano, 20

Nimetoka sokoni na Kidoti mkononi, nimemkuta shemeji ndani ya Kobe. Amepiga magoti juu ya kabati, bisibisi mkononi, skrubu moja imekwisha toka.

Sijawahi kumpigia kelele katika miaka thelathini na miwili. Leo nimempigia.

“Unatafuta nini kwangu?”

“Shemeji, naangalia tu.”

“Unaangalia kwa bisibisi? Mwenye nyumba amekufa, kwa hiyo kila mtu ana ufunguo?”

“Siyo hivyo.”

“Kwanza uzito, halafu betri. Juzi umesema chakula chake kinaharibu damu. Kesho utasema inaota ndoto mbaya! Kama unaitaka, sema unaitaka. Kama unamtaka Kobe mzima, sema.”

Alishuka polepole. Ni mtu mkubwa, lakini alishuka kama mtu anayeshuka kutoka juu ya paa. Akaiweka skrubu kwenye kiganja changu.

“Ya marehemu ni yako yote,” akasema. “Sitaki hata uzi.”

Kidoti amenishika sketi mpaka jioni.

Alhamisi, 21

Shemeji hajaja. Mvua haijakoma. Tsss, mara kumi na nne. Nimehesabu.

Jumapili, 24

Naogopa kuandika, lakini nisipoandika nitaogopa zaidi. Naogopa mvua ikianza na naogopa ikikoma, maana ikikoma ndipo nasikia vizuri. Naogopa birika. Nachemsha maji nikiwa nimesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Kidoti ameanza kuniiga, naye anasimama mguu mmoja nje, anadhani ni mchezo. Tukicheka wote wawili, mimi nasikiliza ukuta.

Kuna jambo la kipumbavu nimejiuliza: huenda ni yeye. Huenda anataka kuimaliza ile sekunde. Halafu nikajijibu kwamba mume wangu alikuwa mtu wa kugonga mlango. Asingekuja kwa harufu.

Nimepanga tuondoke tarehe nne. Maikrowevu tunaibeba. Nikiwa njiani nitachemsha maji kwenye mahoteli.

Jumanne, 26

Leo nitaandika yote, taratibu, kwa mpangilio wake.

Mvua ilikuwa kubwa kuliko siku zote. Kidoti alikula mchana, akasinzia palepale kwenye kitanda chake kidogo, nami nikamwacha. Nilisema ni dakika kumi tu. Alikuwa amechafuka tope, na nilitaka akiamka aoge maji ya moto, nikawasha birika. Friji ilikuwa kimya wakati huo. Nikageuka kutafuta taulo, na friji ikaanza kuunguruma nyuma yangu.

Taa ikafifia. Harufu ikaja. Mara hii haikuanza tamu, ilikuja imekwisha chacha. Nikageuka nikaona moshi unatoka kwenye mwanya kati ya maikrowevu na mbao. Haukupanda. Ulishuka, mzito, wa njano, kama maziwa yanayofurika, ukashuka mbele ya kabati kuelekea kitandani.

Swichi kuu iko pembeni ya kiti cha dereva. Nilikuwa hatua mbili. Nilifika, nikaweka mkono juu yake.

Nikatazama nyuma. Katikati ya moshi zile namba za kijani zilikuwa zinawaka. 0:01.

Nikasimama.

Naandika tena, maana ni kweli. Nilisimama. Mkono ulikuwa juu ya swichi, mtoto wa mwanangu amelala ndani ya moshi, nami nilikuwa naangalia namba. Sijui ilikuwa muda gani. Nimejaribu kuhesabu tangu mchana. Nadhani ilikuwa sekunde moja.

Kidoti akakohoa.

Nikashusha swichi. Namba zikafa. Nikamnyakua kwa mkono mmoja na blanketi lake. Mlango wa ubavuni ulikuwa umevimba kwa mvua, ukagoma. Nikampitisha juu ya kiti cha dereva, nikatoka naye upande wa usukani, tukaangukia kwenye tope.

Shemeji alikuwa amekwisha fika. Sijui alikimbiaje, ana goti bovu. Mtungi mwekundu tayari ulikuwa mikononi mwake, pini imechomolewa. Akatupita, akaupiga bega mlango ule uliovimba, ukafunguka. Nikasikia mtungi unafoka, nikasikia mbao zinavunjwa. Akatoka na maikrowevu kifuani, anakohoa, kijivu kuanzia kichwani hadi viatuni kwa ile poda. Akaiweka kwenye mvua. Akarudi ndani, akatoka na kitu cheusi kinachodondoka, akakikanyagakanyaga mpaka kikaacha kutoa moshi.

Kidoti alikuwa mzima. Aliuliza kama na yeye anaweza kukanyaga.

Jumatano, 27

Tumelala karakanani, katikati ya makochi. Asubuhi shemeji alinileta mbele ya Kobe, akanionyesha.

Pale ilipokuwa maikrowevu, mbao ni nyeusi kama sufuria. Juu kuna tundu la waya unaotoka darini, na mvua ilikuwa inapita humo ikifuata waya. Waya wa friji, wa birika na wa maikrowevu umeunganishwa mahali pamoja, kwa selotepu nyeusi tu. Maji yalikuwa yanadondokea hapo. Na kuzunguka kila kitu, chini, juu, pande zote, kulikuwa na mabaki ya sponji. Sponji ya makochi.

Nilimtazama. Alikuwa anatazama bisibisi yake.

“Kaka aliniita,” akasema. “Akaniambia, ‘Mdogo wangu, hii kitu inagongagonga njiani kama meno ya mzee. Mke wangu hatalala.’ Nikamwambia niachie mimi. Nikaivalisha sponji kama navyovalisha kochi. Mimi kazi yangu ni kuziba mianya, shemeji, mwanya nikiuona mkono unakwenda wenyewe. Nikafunika na maungio ya waya. Kaka akaniuliza, ‘Umeiachia pa kupumulia?’ Nikamwambia nimeacha.”

“Hukuacha.”

“Sikuacha. Nilikuwa na haraka ya kochi la mtu.”

Mvua ilikuwa ya manyunyu. Kidoti alikuwa anachora kwenye masizi kwa kidole.

“Wiki mbili baada ya msiba, mteja alinirudishia kochi. Sigara iliangukia kwenye mto wake, kochi zima likaisha kabla hajapata ndoo ya maji. Limebaki kiunzi na misumari. Usiku ule sikulala. Nikakumbuka wewe unalala kando ya nini.”

“Ukanyamaza.”

“Ningesemaje? Machozi yako hayajakauka, nije niseme nyumba aliyokuachia nimeijaza kiberiti? Na nimemdanganya, na sasa hayupo nimwombe radhi?” Akajifuta pua kwa mkono wenye poda. “Nikaona heri unichukie kwa uchoyo. Ukiitoa tu, basi, nichukie.”

Nilimshika Kidoti mkono tukaenda kutafuta mkate.

Ijumaa, 29

Nimemkasirikia siku mbili. Leo hasira imejaribu kuendelea, ikakosa pa kukanyaga. Mimi nilisikia tsss kuanzia tarehe kumi na moja. Nilinusa. Nilihesabu mpaka kumi na nne. Yeye alinyamaza kwa aibu, mimi kwa namba. Nyani haoni kundule.

Na meza yake ya kazi bado inatazama mlango wa Kobe. Siku zote nilisema ananipeleleza.

Jumatatu, 1

Shemeji amemleta fundi umeme, mwanamke mkimya mwenye miwani, asiyeamini neno la mtu mpaka aguse mwenyewe. Ametoa waya wote. Kila kifaa sasa kina njia yake na swichi yake, na tundu la juu limezibwa. Maikrowevu ilikuwa imekauka karakanani. Ameifungua, akaipima, akaiwasha. Nzima.

“Mnaendelea nayo au mnaiacha?” akauliza. “Njia yake nimeiweka, nyie tu.”

Shemeji akanitazama, akatazama chini.

Kioo kilikuwa kinaonyesha sifuri nne, zinawaka na kuzima, zinangoja kuambiwa saa. Nilidhani nitalia. Niliona tu ni mashine isiyojua ni saa ngapi.

Nikasema nitafikiri.

Jumatano, 3

Nimemwambia shemeji. Nilimkuta anapiga pini kwenye mgongo wa kiti.

“Siku ile ya moto, mkono wangu ulikuwa kwenye swichi. Nikasimama.”

Akatoa pini mdomoni, moja moja.

“Nilikuwa naangalia namba ya kaka yako, mtoto yuko ndani ya moshi. Nikasimama, shemeji.”

Nikafikiri hataniangalia tena.

“Mimi nilisimama miezi mitatu,” akasema. “Wewe ulitoka naye. Nilikuona.”

Kisha akarudisha pini mdomoni, kwa kuwa alikuwa anataka kulia na mtu mwenye pini mdomoni hawezi.

Jioni nimefunika kwa mbao pale ilipokuwa maikrowevu. Nimemwambia maikrowevu abaki nayo yeye. Anaishi peke yake na anakula mkate mkavu. Akasema hapana, nikasema ndiyo, akasema hapana, nikamwambia ni nzito, Kobe ana matairi ya uzeeni. Hapo akacheka hadi macho.

Alhamisi, 4

Tumeondoka saa mbili asubuhi. Kilomita arobaini za kwanza nimeshika usukani kwa mikono yote miwili. Mvua ilitukuta mteremkoni, na nikagundua mguu wa Kidoti unakanyaga sakafu, mahali pasipo na breki. Sijui nani amemfundisha. Hakuna kilichogongagonga.

Jumapili, 7

Tumefika juzi. Binti ametukagua vichwa hadi vidole kama mtu anayepokea mzigo. Nimemweleza yote, na sekunde ile nimemweleza. Alitoka nje kwa muda mrefu. Aliporudi aliniwekea chakula, cha moto, akakaa karibu nami mpaka nikamaliza.

Leo hakuna mvua tangu asubuhi. Shemeji amepiga simu.

“Shemeji, hii kitu yako ina kelele! Nimepasha maziwa, imepiga kengele nimemwaga nusu.”

“Usingoje imalize. Simama mbele yake uhesabu nayo. Ikibaki moja, fungua.”

“Ngoja nijaribu, usikate.”

Nikasikia mlango unafungwa, kisha ule muungurumo. Nilikuwa sijausikia tangu asubuhi ile. Nilisimama mlangoni mwa chumba cha binti yangu, simu sikioni, midomo yangu inahesabu. Kidoti akaja kusimama nami, mguu mmoja nje ya mlango.

Mlango ukafunguka kule. Hakukuwa na kengele.

“Kumbe!” akasema shemeji. Halafu sauti ikashuka. “Ila imebaki moja pale. Inaniangalia. Niiache?”

“Ifute,” nikamwambia. “Kuna kitufe chekundu, chini kabisa. Bonyeza, unywe maziwa yako yakiwa ya moto.”